Mita Iliyofungwa kwa Utepe

Kaka yangu tunamwita Waya, na ukimwona huulizi kwa nini. Mwembamba, mrefu, na ukimgusa vibaya anakupiga shoti. Ni fundi wa redio, spika na chochote kinachotoa sauti. Meza yake ya kazi iko kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya baba, upande wa dirishani, na upande wa pili iko cherehani yangu. Katikati yetu kuna soketi moja tu ya ukutani, na hiyo ndiyo mzizi wa fitina. Nikitaka kupiga pasi kola za sare za shule, yeye anachomelea. Yeye akitaka kujaribu spika, mimi namalizia suruali ya mteja aliyesimama mlangoni akitazama saa. Marehemu mama alikuwa akisema sisi wawili tutazeeka pamoja kwa sababu hakuna mwingine atakayetuvumilia. Hakukosea sana.

Acha nimseme kwa haki, maana kila siku namsema bila haki. Ni fundi mzuri. Alianza utotoni kwa kufungua redio ya baba akashindwa kuifunga, akachapwa, akaifungua tena. Hakuna darasa alilosomea kazi hii. Amejifunza kwa kuunguza. Watu humletea vitu ambavyo mafundi wengine wamevikatia tamaa, na mara nyingi vinaondoka vikiimba. Ila akishaamini jambo, kumgeuza ni kumpigia mbuzi gitaa.

Na kitu anachokiamini kuliko vyote ni mita yake ya kupimia umeme. Kitufe chake cha kuzungusha kililegea zamani, kikawa kinateleza chenyewe. Mtu mwingine angenunua mita nyingine. Yeye alichukua utepe mweusi wa umeme, akakigandisha mahali pamoja, upande wa kupimia DC, yaani umeme ulionyooka kama wa betri. Nilimuuliza siku hiyo, sasa ukitaka kupima kingine? Akanijibu kwa ile sauti yake ya kumfundisha mjinga kwamba umeme wa ukutani ni AC, unakwenda mbele na kurudi nyuma bila kutulia, na ukiuingiza hivyohivyo kwenye chombo cha sauti, spika itanguruma tu. Kazi ya adapta ni kuupunguza na kuunyoosha uwe DC. Yeye anapima unaotoka, na unaotoka ni DC. Huko kwingine aende kutafuta nini? Nikamwacha na utepe wake. Nilikuwa na zipu ya kushona.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya maisha yake yote. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akisikia mwimbaji amepotea, alipiga meza kwa kiganja mara mbili, pa, pa, na wote wakanyamaza na kuanza upya. Hata nyumbani ilikuwa hivyo. Tukigombania kiti au kipande cha sabuni, pa, pa, na nyumba nzima kimya. Sijawahi kumwona mtu aliyebisha baada ya pa ya pili.

Mwaka jana kiharusi kilimwangusha. Kilimwacha na mkono wa kulia mzito na ulimi uliofungwa. Anatembea polepole, anavaa kwa kusaidiwa, na kinachomtoka mdomoni hakieleweki. Kutwa anaketi kwenye kiti chake kati ya meza ya Waya na cherehani yangu. Mimi ndiye ninayempa chakula, na nakiri uvumilivu wangu ni mfupi kuliko uzi wa kubana kifungo. Akila, anakula nusu ya sahani, kisha anaanza kuizungusha kama mtoto anayechezea usukani. Namrudishia. Anaizungusha tena. Namrudishia kwa nguvu kidogo. Hiyo ilikuwa ngoma yetu ya kila mchana.

Sasa kuna dada yetu mkubwa. Anaishi mji mwingine, kwenye nyumba yenye geti, na mume mpole ambaye hajawahi kunikosea hata kwa bahati mbaya. Alikuja kumwona baba, akakaa chumba cha mbele asubuhi moja katikati ya moshi wa risasi ya kuchomelea na vumbi la vitambaa, akaona ile ngoma ya sahani. Jioni alisema anamchukua. Kwake kuna chumba, kuna mtu wa kumwangalia, kuna hewa. Nilimuuliza kama mchana huwa kuna mtu wa nyumbani. Akasema wote wanakuwa kazini, lakini mwangalizi yupo. Nikamwona baba kichwani mwangu, peke yake nyuma ya geti na mtu aliyeajiriwa, bila soketi ya kugombaniwa, bila kelele zetu.

Waya alimwambia dada kwamba baba hahami. Dada akajibu kitu ambacho sitakisahau.

"Mnamtunza nani? Baba hayupo tena. Mnatunza kiti."

"Yupo," Waya akasema. "Na nitakuonyesha."

Alichotaka kumwonyesha ni mashine. Baba alikuwa na mashine ya kurekodia kaseti ambayo si ya kawaida. Kaseti moja inabeba sauti nne, kila moja kwenye njia yake, na kila njia ina kitufe cha kuteleza cha kupandisha na kushusha. Alirekodi sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, ili kila mwimbaji ajifunze ya kwake. Kaseti hizo ukizitia kwenye redio ya kawaida ni vichekesho: sauti mbili zinakokota kama zimelewa usingizi, na ukigeuza kaseti, mbili nyingine zinaimba kinyumenyume. Kwa hiyo ni mashine ile ile au hakuna. Waya aliamini baba akiisikia kwaya yake, na vitufe viko chini ya vidole vyake, atafanya jambo la kumfunga dada mdomo. Dada akakubali. Alisema Jumamosi anarudi na gari. Akiona kwa macho yake kwamba baba anajua aliko na anajua sisi ni nani, baba atabaki. La sivyo, anaondoka naye.

Yote hayo yalisemwa mbele ya baba, juu ya kichwa chake, kama anavyojadiliwa mgonjwa aliyelala. Hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Waya alishusha mashine kabatini siku iyo hiyo. Adapta yake ilikuwa kipande kizito cheusi, nusu ya tofali, chenye waya mmoja wa kwenda ukutani na mwingine wa kwenda kwenye mashine, maandishi yake yote yamefutika kwa kushikwashikwa. Nyuma ya mashine nako maandishi yalikuwa yamekwanguka. Akachomeka adapta ukutani, akaweka ncha za mita kwenye plagi yake ya upande wa mashine. Sifuri. Akatikisa waya, akapima tena. Sifuri. Akasema imekufa, akaitupa kwenye boksi la takataka za vyuma chini ya meza. Baba akainua mkono wake mzima, akatoa sauti nzito ya puani. Waya akampigapiga bega, akamwambia asijali, adapta ni nyingi kama mchanga.

Kweli zilikuwa nyingi. Alijaribu moja, taa ya mashine ikawaka, kaseti ikazunguka, mimi nikaacha kushona kabisa. Kisha sauti ikatoka. Ilikuwa kwaya, ndiyo, lakini kwaya iliyoraruliwa katikati, kama watu wanaimba huku wamebanwa pua kwa koleo. Akajaribu adapta nyingine, yenye nguvu zaidi. Ikararuka vilevile, kwa nguvu zaidi. Baba akaziba sikio moja kwa mkono wake mzima na kugeuza uso.

Asubuhi yake ile adapta iliyokufa ilikuwa juu ya meza, katikati kabisa, juu ya vifaa vya Waya. Baba alikuwa ameitoa boksini. Waya akacheka, akairudisha. Mchana ikawa tena mezani. Mara hii hakucheka. Kufikia siku ya tatu ilikuwa imenichosha hata mimi niliyekuwa natazama tu: mmoja anatupa, mmoja anaokota, na hakuna anayesema neno, mmoja kwa kuwa hawezi, mwingine kwa kuwa ameuma meno.

Alifungua mashine. Mlangoni pa umeme alikuta dayodi mbili, vile vijibomba vidogo vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu. Nilimuuliza ni za nini, maana nilikuwa nimeshachoka na nilitaka kujua ninachokichokea. Akasema ni walinzi, zimewekwa kuzuia mtu akiingiza umeme kinyume. Alizitazama kwa dharau akazipita. Kwa maoni yake ugonjwa ulikuwa kwamba DC za adapta za siku hizi ni chafu, zina mawimbi ndani, na chombo cha zamani kama kile kinataka umeme uliotulia kama maji ya mtungini. Basi atautengeneza mwenyewe.

Hapo ndipo nyumba ilipogeuka kuwa karakana. Alitoa transfoma, ile koili ya kupunguza umeme, kwenye redio ya mteja aliyeitelekeza, akapanga dayodi nne za kunyoosha umeme, akaanza kupachika kapasita, vile vikopo vinavyokunywa umeme na kuutoa polepole ili usitikisike. Aliweka moja, sauti ikararuka. Aliweka mbili, ikararuka. Soketi ikawa yake kutwa. Sare za shule zikalala bila pasi, mama mmoja akaja akanisema mbele ya watu, nikamsema Waya, naye akamsema baba, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na ile adapta mkononi.

"Baba, niache nifanye kazi," alimwambia. "Hii kazi nafanya kwa ajili yako."

Baba aliishusha adapta taratibu akarudi kwenye kiti chake. Ningependa kusema nilimtetea. Nilikuwa natafuta sindano.

Lakini siku hiyo hiyo, Waya alipotoka kwenda kutafuta kapasita kubwa zaidi, nikasikia kitu kikikwaruza ukutani. Baba alikuwa amechomeka adapta kwenye soketi kwa mkono wake wa kushoto, amepiga goti moja, ameibana shavuni kama mtu anayepokea simu. Macho ameyafumba. Nilichomoa waya wake ukutani haraka, nikamwambia, baba, hii si simu, utaumia. Adapta ilikuwa na joto. Nikadhani ni joto la shavu lake. Nikaitia boksini, nikaweka mkebe wa vifungo juu yake, na sikumwambia Waya. Niliogopa dada asije akasikia, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeanza kukubaliana naye.

Ijumaa kapasita ikapasuka. Nilikuwa nimeazima pasi ya makaa kwa jirani nikafanikiwa kunyoosha mashati yote meupe, yamepangwa vizuri juu ya kiti. Waya aliwasha mtambo wake, ukalia pa kama kiberiti kikubwa, na manyoya ya karatasi yenye harufu ya samaki aliyeoza yakatua juu ya kola zangu. Tulitazamana. Akasema, kwa sauti ndogo, kwamba umeme wa volti kumi na mbili za AC ukiunyoosha unapanda mpaka karibu kumi na saba, na yeye alikuwa ameweka kapasita ya kumi na sita. Jambo analolijua tangu utoto. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika.

Hasira zake alizigeuzia ukuta. Labda umeme wenyewe umezidi leo, akasema, labda si kosa langu. Akabandua ule utepe mweusi wa miaka mingi kwenye mita, akazungusha kitufe upande wa AC, akapima soketi. Umeme ulikuwa sawasawa. Alitupa mita mezani bila kuirudisha ilipokuwa, akaingia chumbani, na chakula chake kikapoa mezani.

Dada alifika Jumamosi asubuhi, na shemeji akiendesha. Waya hakumzungusha. Alimwambia mashine imemshinda. Nilitegemea dada ajigambe, ningepata mtu wa kumkasirikia. Hakujigamba. Alimshika Waya mkono akasema anajua amejitahidi, kisha tukaingia wote kukusanya nguo za baba. Mashati matano, soksi, kofia. Maisha ya mtu mzima yakaingia kwenye begi moja na zipu ikafungwa bila kusumbua. Nje shemeji alikuwa amewasha gari.

Tuliporudi chumba cha mbele, baba alikuwa amepiga goti kando ya soketi, mkebe wangu wa vifungo umemwagika sakafuni, adapta imechomekwa tena na iko shavuni, macho ameyafumba.

Dada alisimama. Begi likamtoka mkononi.

"Mnaona?" alisema. "Baba yangu anaongea na adapta."

Akaanza kulia, kilio cha kujizuia, ambacho ni kibaya kuliko cha kelele. Waya ndiye aliyechuchumaa mbele ya baba. Alikuwa amechoka mpaka ukali wote umemwisha.

"Baba, hii imekufa," alimwambia. "Ngoja uone mwenyewe, upumzike. Uache kuhangaika."

Akanyoosha mkono juu ya meza bila kutazama, akachukua mita, akaweka ncha zake kwenye plagi ya adapta ya upande wa mashine, akamgeuzia baba kioo ili asome ile sifuri.

Baba alitazama kioo, kisha akamtazama Waya. Waya akageuza mita kwake.

Kumi na tatu.

Aliondoa ncha, akazirudisha. Kumi na tatu. Nikamwona anatazama kitufe, palipokuwa na utepe, pamebaki gundi tu. Aliketi sakafuni kabisa, juu ya vifungo vyangu.

"Inatoa AC," akasema. "Ilikuwa nzima muda wote. Mimi ndiye nilikuwa naiuliza swali ambalo si lake."

Nikamwambia aseme Kiswahili cha watu. Akaeleza haraka, huku anavuta mashine. Adapta ile hainyooshi umeme, inaupunguza tu. Kunyoosha kunafanyika ndani ya mashine. Zile dayodi mbili si walinzi: moja inachukua umeme unapokwenda, nyingine inachukua unaporudi, na sauti inahitaji pande zote mbili ili ipande na kushuka. Yeye kwa DC yake safi alikuwa anaulisha upande mmoja na kuuacha mwingine na njaa. Na kadiri alivyozidi kuisafisha, ndivyo alivyozidi kukosea.

Dada hakuwa anasikiliza. Alikuwa ameinama, ameipokea adapta kwa baba, na kwa sababu ambayo hata yeye hakuieleza, akaiweka shavuni kwake. Alikaa hivyo kidogo.

"Ina joto," alisema. "Inatetemeka. Inavuma."

Baba akaitikia kwa kichwa. Mara moja, na kwa uchovu, jinsi mwalimu anavyomwitikia mwanafunzi aliyechelewa kuelewa.

Waya alichomeka. Taa ikawaka, kaseti ikazunguka, na kwaya ikatoka nzima, sauti zote nne, wazi kabisa, mstari mmoja. Kisha ikaanza kuzama, ikavuta maneno kama mlevi, ikakata. Mkanda wa mpira unaozungusha kaseti ulikuwa umeoza kwa miaka ya kabatini.

Basi sisi tukalipuka. Waya alimlaumu aliyeiweka mashine kabatini bila kuifunika. Aliyeiweka ni mimi, kwa hiyo nilimkumbusha habari ya utepe. Dada akasema ndiyo maana hawezi kumwacha mzee katika nyumba ya namna hii, Waya akamjibu kwamba nyumba ya namna hii ndiyo iliyomlea, na wote watatu tukawa tunasema kwa pamoja, na hakuna aliyesikia.

Pa, pa.

Dada alikatika katikati ya neno. Waya alibaki mdomo wazi. Mimi nilijikuta nimenyooka, mikono kando, kama nasubiri kupewa sauti. Shemeji alikuwa amechungulia mlangoni, na maskini hakuelewa kwa nini watu wazima watatu wamesimama kama watoto wa shule. Baba alikuwa ameegemea meza, kiganja cha kushoto bado kiko juu ya ubao. Alimtazama mmoja wetu, kisha mwingine, kisha wa tatu, kwa mpangilio wa kuzaliwa. Halafu akaionyesha mashine kwa kidole, na kumwonyesha Waya.

Waya alichukua bisibisi akaanza kuifungua upya. Dada alitoka nje, akamwambia mumewe azime gari, akarudi, akaliokota begi na kulipeleka chumbani bila kumtazama yeyote.

Mchana nilimwandalia baba chakula. Nilikaa karibu, na kwa mara ya kwanza nilitazama badala ya kuilinda sahani. Alikula upande wa kushoto wote, safi, mpaka mstari wa katikati. Upande wa kulia hakuugusa. Kijiko kilipita kando yake kama hakuna kitu pale. Nikasogeza mkono wangu polepole upande wake wa kulia. Hakuuona mpaka ulipofika mbele ya pua yake. Kisha akashika ukingo wa sahani, akaizungusha, na chakula kilichobaki kikaja upande anaouona.

Miezi yote hiyo nilikuwa namrudishia. Nilivuta kiti changu nikahamia kushoto kwake, nikamwacha ale.